Mahubiri Yaliyomfaa Jirani

Asubuhi lori la msako lilipoingia mtaani kwao Temeke, Margareta alikuwa amekaa barazani anasoma mahubiri kuhusu hasira, na alikuwa anatafuta jirani wa kumpa mahubiri hayo.

Ndivyo alivyosoma siku zote. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Ndani yake mlikuwa na mahubiri ya maaskofu wa kale, watu waliosimama kuhubiri zamani hizo katika miji ambayo leo imebaki mawe na mchanga. Mapadre wa kule Kusini walikuwa wameyatia kwenye Kiswahili na kuyachapa kwa herufi ndogo za kumtoa mtu machozi. Marehemu mumewe, Fransis, aliyekuwa katekista, ndiye aliyekileta walipohama kutoka Ndanda. Fransis alipofariki, nguo zake ziligawiwa ndugu, baiskeli ikachukuliwa na shemeji, na kitabu kikabaki kwa mjane kwa sababu hakuna aliyekitaka.

Wakati huo Margareta alikuwa msomaji wa kubahatisha. Ilimbidi aende kwenye kisomo cha watu wazima, abanane na wamama wenzake kwenye madawati ya watoto, ndipo zile herufi zikaanza kumtii. Tangu hapo hakuna asubuhi iliyopita bila kusoma. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro ya sufi, na kabla hajagusa sindano husoma aya moja, midomo ikitembea, kisha hufumba macho ili neno lishuke. Sufi zilikuwa zimeingia hadi katikati ya kurasa, na kila akifungua ilimpasa apulize kwanza.

Nia yake ilikuwa njema, tusimwonee. Alitaka roho yake ikue. Alitaka kufa akiwa mtu bora kuliko alivyokuwa. Lakini alikuwa na kasoro moja ambayo wasomaji wengi wa mahubiri tunayo, ila hatuisemi: kila alipokuta dhambi kwenye ukurasa, alimwona mwenye dhambi hiyo mtaa wa pili. Mahubiri ya uchoyo yalimfaa mwenye duka. Ya umbeya, bila shaka yoyote, yalikuwa ya wanawake wa bombani. Askofu wa watu alikuwa amekesha na Mungu wake, akaumba maneno, yakavuka bahari na jangwa na karne zote hizo, na yote hayo ili Margareta wa Temeke ajue kwamba muuza mkaa ni mlevi! Nyani haoni kundule.

Asubuhi hiyo aya ilikuwa hii: "Hasira uliyoiona ikaja ukaifukuza haina nguvu juu yako. Lakini ile uliyoifungia chumbani, ukailisha na kuitandikia, huku ukiwaambia watu hakuna mtu humo ndani, hiyo ndiyo mwenye nyumba. Siku moja utagonga mlango wako mwenyewe, nayo ndiyo itakayokuitikia."

Margareta alipitisha majirani wote kichwani. Muuza mkaa? Hasira zake za pombe, zikiisha zimeisha. Wanawake wa bombani hugombana asubuhi, jioni wanasukana nywele. Akamfikiria Didas, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye kwa kawaida kurasa nyingi zilimwangukia yeye. Didas hakuwa na hasira hata punje. Aya ikakosa mtu. Margareta akaudhika kama mtu aliyeshona foronya isiyoingia kwenye mto wowote, akafunga kitabu, na hapo ndipo aliposikia lori.

Mtaa mzima ulilisikia. Wiki nzima watu walikuwa wanalisubiri. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mwenye nguvu lazima afanye kazi, na wasio na kazi mjini wapelekwe mashambani wakalime. Msako ulikuwa umeshapita Keko na Tandika. Vijana walikuwa wakiingia mitini kila waliposikia injini. Wenye ajira walitembea na vitambulisho vyao. Mafundi wadogo wasio na mwajiri walikuwa hawana cha kuonyesha, na kwao kitambulisho kilikuwa ni neno la balozi wa nyumba kumi. Balozi akisema huyu ni fundi, wanamwacha. Akisema hana kazi, anapanda lori.

Na balozi wa nyumba zile kumi alikuwa Margareta.

Sasa lazima nimweleze huyu Didas, maana bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa Mngoni wa Songea, na Margareta alikuwa Mmwera, na Wamwera na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu. Mtani wako ana ruhusa ambayo hata ndugu yako hana. Anakutukana mchana kweupe, anakunyang'anya kitoweo mezani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Didas akipita barazani kwa Margareta hakuwa na salamu nyingine: "Mateka wetu, umeamkaje? Babu yangu alikusahau njiani." Naye Margareta humjibu, "Mwizi wa kuku we! Mmekuja nchi hii mkikimbia, hadi leo hamjapumzika!" Mtaa unacheka, siku inaanza.

Alikuwa ameachishwa kazi kiwandani mitambo iliposimama kwa kukosa vipuri, akaanza kusuka vitanda vya kamba. Kazi yake ilikuwa safi. Mtu akinunua kitanda kwa Didas, Didas humwelekeza kwa Margareta akachukue godoro. Kwa hiyo hakuna binadamu Temeke nzima aliyejua kuliko Margareta kwamba Didas alikuwa mtu wa kazi.

Lakini kulikuwa na jambo la makaburini.

Siku ya mwisho ya Fransis, Didas alikuja kumjulia hali. Mgonjwa aliomba uji. Margareta alikuwa na godoro la watu mapajani, anamalizia kona, akasema, "Subiri kidogo, nimalize hapa." Fransis akasubiri. Kona ilipokwisha, naye alikuwa amekwisha. Kesho yake, maziko yakiendelea, Didas aliruka kaburini kama mtani anavyopaswa, akajilaza humo, akakataa kutoka mpaka alipwe. Kisha akainua kichwa akawaambia waombolezaji, "Mnalia nini nyie? Katekista hajafa. Kachoka kungoja uji, kaenda kuutafuta mwenyewe!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndiyo kazi ya mtani, kuupasua msiba upumue. Margareta naye alicheka. Alimvulia khanga yake ya juu, akamlipa, Didas akatoka kaburini akijipukuta mchanga.

Alicheka, na moyo wake ukachanika. Angemwambia nani? Mtani hakasirikiwi. Angekasirika, wangesema mjane huyu hajui mila. Kwa hiyo alimeza, na tangu siku hiyo kila alipomwona Didas akicheka, alisikia lile neno uji. Miaka minne hiyo! Na miaka yote minne walitaniana kila asubuhi, na hakuna aliyejua.

Lori lilisimama mbele ya nyumba ya kwanza. Wakashuka mgambo kadhaa na afisa mmoja kijana aliyeitwa Projestus, mtu wa Bukoba, amevaa kaunda suti iliyopigwa pasi vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia Margareta kwa heshima, akamwomba waongozane.

Nyumba ya kwanza, sawa. Ya pili, kijana mmoja fundi baiskeli. "Huyu fundi, namjua," Margareta akasema, wakapita. Aliona jinsi watu walivyomtazama mdomoni.

Ya tatu ilikuwa ya Didas. Kwa bahati mbaya kamba zilikuwa zimeadimika kama sabuni, na siku hiyo Didas hakuwa na kitanda mbele yake. Alikuwa amekaa kizingitini anakunywa chai ya rangi, miguu ameinyoosha kama sultani. Mkewe, Tunu, Mzaramo wa Mbagala, alikuwa ndani ananyonyesha mtoto.

"Na huyu?" Projestus akauliza.

"Huyo mzururaji," Margareta akasema. "Mvivu namba moja. Tangu azaliwe hajashika kazi."

Watu waliokuwa wamekusanyika wakaangua kicheko, maana roho zilikuwa juu na walihitaji kucheka. Didas alicheka kuliko wote. "Mnamwona mateka huyu? Anamuuza bwana wake serikalini!"

Projestus hakucheka. "Balozi, nimekusikia vizuri? Hana kazi?"

Kila mtu pale alijua kinachofuata. Utani una nusu mbili: unamtukana mtu, kisha unasema tuache utani, huyu mwenzetu, ni fundi wa vitanda. Nusu ya pili ilikuwa mdomoni mwa Margareta, amekwisha kuvuta pumzi ya kuisema. Akamtazama Didas. Didas alikuwa amekenua meno yote, kichwa nyuma, kikombe mkononi, vilevile kabisa kama alivyokenua kutoka kaburini.

"Nimeshasema," Margareta akajibu.

Mgambo wakamshika Didas mkono. Hakubisha. Alidhani mchezo bado unaendelea, na mtani asiyejua kucheza si mtani. Akapanda lori mwenyewe, akageuka juu kule, akamtishia Margareta kwa kidole. "Nikishuka hapa utanipikia jogoo mzima, mie nakwambia!" Watu wakacheka tena, lakini safari hii wachache. Msako ukamalizia nyumba zilizobaki, lori likawashwa. Didas alikuwa bado anamtazama balozi wake, anangoja. Lori likaondoka. Kabla halijakata kona Margareta aliona kicheko kinamtoka usoni taratibu, na mahali pake hapakuja hasira, ulikuja mshangao tu.

Akarudi barazani kwake. Nimesema kweli, akajiambia, leo asubuhi hakuwa na kazi mkononi, nani atabisha? Akachukua kitabu ili kitulize moyo, kama alivyozoea. Kikafunguka palepale alipokifunga. Aya ilikuwa inamngoja.

Safari hii haikuhitaji kutafutiwa mtu. Aliisoma mara moja, akajaribu kugeuza ukurasa, kidole kikakataa. Hii nimeilisha mimi. Nimeitandikia mimi, na magodoro nayajua. Miaka minne nawaambia watu hakuna mtu humu ndani. Alisikia aibu ikimpanda kutoka tumboni hadi masikioni, aibu kali kuliko ile ya makaburini, maana hii hakupewa na mtu.

Tunu akatokea na mtoto mgongoni, amebeba shati la mumewe. Alikuwa anajilazimisha kutabasamu. "Mama Balozi, jamani, utani wa leo umezidi. Twende ukamtoe. Wanasema magari yanaondoka kwenda Tanga, kwenye mkonge, kabla ya adhuhuri."

"Tunu..."

"Mie najua mlikuwa mnataniana. Yule bwana wa Bukoba ndiye hajui mambo yenu. Twende basi, mama."

Hata yeye! Hakumshtaki, hakumtukana. Alimpa mlango wa kutokea, tena mpana. Margareta akajifunga khanga, wakatoka. Barabara ya Kilwa ilikuwa inawaka jua. Walitembea kwa mwendo wa kukimbia, mtoto akilia mgongoni, na njia nzima Margareta alikuwa anajiambia neno moja: nilitania. Ni rahisi. Didas anashuka, mimi nabaki Mama Balozi, tunarudi tunacheka. Nani ataumia?

Kwenye uwanja wa kukusanyia waliokamatwa walikuta malori yamepangwa, watu wamekaa chini kwa mistari, wengine wameshapandishwa. Wanawake walikuwa wanalia nje ya kamba. Didas alikuwa juu ya lori la pili. Alipomwona Margareta, uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Si niliwaambia?" akawapigia kelele wenzake. "Huyo kaja! Mtani wangu huyo!"

Margareta alitamani ardhi immeze. Akamfuata Projestus, aliyekuwa anaongea na madereva.

"Baba, yule wa vitanda ni fundi. Mumshushe."

Projestus akamtazama. "Asubuhi umesema mzururaji."

"Nilitania. Sie ni watani. Mmwera na Mngoni."

"Ni kweli, watani hao!" mtu mmoja akadakia kutoka kwenye mistari.

Projestus akavuta pumzi. Alikuwa kijana aliyechoka. "Mama, nilikuuliza mara mbili. Mbele ya watu wote wale, mara mbili. Kama balozi anafanya utani kwenye kazi ya serikali, basi nitajuaje kwamba sasa hivi hutanii? Hapa kila mama ananiambia mwanawe ni fundi. Samahani." Akageuka, akamwashiria dereva. Injini ya lori la pili ikanguruma, moshi ukatanda.

Tunu akapiga ukelele. Margareta alisimama na uongo wake mkononi, umeshakataliwa, hana pa kuupeleka. Na juu ya lori Didas alikuwa bado anatabasamu kumtia moyo. Alidhani mtani wake ameshindwa kwa sababu afisa ni mgumu. Hilo ndilo lililommaliza.

"Sikutania!" akasema kwa sauti. Kisha akaitoa kubwa zaidi, ili ishinde injini. "Baba, nisikilize! Sikutania. Nilijua kazi yake, nikasema hana, kwa sababu namchukia."

Projestus akageuka. Dereva akazima injini.

"Mume wangu aliniomba uji nikamwambia asubiri, akafa. Huyu alilisema makaburini watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Tangu hapo namchukia, kila siku, na kila siku namtania. Leo nimepata nafasi ya kumwondoa nikaitumia. Hana kosa. Anasuka vitanda, hivyo vitanda ndivyo vinavyonipa ugali. Kama kuna wa kupanda gari hilo, nipande mimi."

Hakuweza kumtazama Didas wakati wa kusema. Alimtazama baada ya kumaliza, na ingekuwa afadhali asingefanya hivyo. Tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni bila mwenyewe, halijui liende wapi.

Projestus akatazama lori, kisha akamtazama Margareta. "Utani ningeutilia shaka," akasema hatimaye. "Hili siwezi kulitilia shaka. Mtu hajitungii aibu kama hii." Akaamuru lango la lori lifunguliwe. Kisha, bila ukali, akamwambia Margareta kwamba kesho afike kwenye tawi la chama, na asitegemee kurudi akiwa balozi.

Didas akashuka. Tunu akamvamia na shati lake, akilia na kumpangusa vumbi. Wakaanza safari ya kurudi, mume na mke mbele, Margareta nyuma yao. Walipokaribia nyumbani, Didas akasimama akamngoja.

"Mie sikujua," akasema. "Nilitaka uache kulia tu."

"Najua," Margareta akamjibu, na kwa mara ya kwanza alijua kweli.

Ubalozi akapewa mwingine. Watu walisema maneno yao, wakachoka. Margareta aliendelea kusoma, ila sasa alisoma polepole zaidi, na muuza mkaa akapata kupumzika. Kile chumba moyoni kilikuwa kitupu. Akimwona Didas akicheka hakusikia tena neno uji. Alimwona mtu anacheka, na alimpenda, na hili lilimshangaza yeye mwenyewe.

Lakini Didas hakumtania tena. Hakumnunia, wateja wa magodoro aliendelea kuwaleta, na msimu wa mahindi alimletea mawili matatu ya kuchoma. Kwenye harusi na misiba alikuwa akizunguka akiwatukana Wamwera wengine wote, watu wakicheka mpaka machozi, na akifika alipokaa Margareta hupita kimya, ameinamisha kichwa. Mtu akishakwambia kwamba kila neno lako lilimwingia, utamtupia tena neno gani?

Margareta alivumilia hadi asubuhi moja, Didas alipopita barazani na mzigo wa kamba begani, uvumilivu ukamshinda. Akaweka sindano chini.

"We Mngoni!" akamwita. "Mwizi wa kuku! Unapita mbele ya watu kama mbuzi?"

Wanawake waliokuwa wanatoka bombani wakasimama, tayari kucheka. Didas naye akasimama. Akashusha mzigo, akavua kofia, akainama kidogo kama mtu aliye mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, mama," akasema.

Margareta akangoja. Hakikuja kingine.

"Marahaba," akaitikia.